Bamba la Kibodi Lisiwe la Kila Mtu

Chukua bamba lolote la kibodi ya kimakanika lililotengenezwa kwa wingi, yaani ule ubao mwembamba wenye matundu unaoshikilia swichi zilizo chini ya vitufe. Ling'oe swichi zote, kisha litazame safu ya chini na ule upande wa Enter. Mara nyingi utakuta matundu yameungana na kuwa mianya mirefu. Pana nafasi ya Shift ndefu na ya Shift iliyogawanywa, Enter ya Kimarekani na Enter ya Uingereza, kitufe cha nafasi kirefu na kirefu zaidi. Mwenye kiwanda ana hoja yake: hajui nani atanunua, basi anamwachia kila mtu upenyo. Lakini anayekaa kuchora bamba lake mwenyewe anamjua mnunuzi vizuri sana. Kwa nini basi naye anaanza kwa kunakili mianya ile ile, eti asije akajuta baadaye?

Mimi nasema bamba la kujichorea lichorwe kwa mpangilio mmoja tu. Ukiogopa kuchagua, nunua la dukani, ujiokolee usumbufu.

Tuangalie bamba lenyewe linafanya nini. Swichi za mtindo wa Cherry MX, aina inayotumika sana kwenye kibodi hizi, hukaa kwenye tundu la mraba wa milimita 14, na kutoka katikati ya swichi moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Toa hesabu: kati ya tundu na tundu inabaki milimita 5 na ushei. Bamba zima ni wavu wa vijiti vyembamba hivyo. Kila unapounganisha matundu mawili, unakula vijiti.

Chukua Ctrl ya kona ya kushoto. Ikiwa upana wake ni vipimo 1.25 vya kitufe cha kawaida, katikati yake iko milimita 11.9 kutoka ukingoni. Ikiwa ni 1.5, inasogea hadi milimita 14.3. Ukitaka bamba likubali zote mbili, tundu la milimita 14 linageuka mwanya wa milimita 16.4. Swichi bado itanasa, maana vijino vyake viko upande wa juu na wa chini, lakini ubavu mmoja hauna kitu cha kuegemea. Iguse kwa kidole uone inavyocheza. Kwenye bodi ya saketi, ile ya umeme iliyo chini ya bamba, ambayo swichi zimelehemiwa, utasema si neno, risasi itaishikilia. Kwenye bodi ya soketi, ile ya kuchomeka na kuchomoa, mzigo wote unaangukia miguu miwili myembamba ya shaba, na kofia ya kitufe inakaa upande kama kofia ya mlevi.

Kitufe cha nafasi ndicho kinachoniudhi zaidi. Stabilaiza, yaani vishikizo viwili vilivyounganishwa kwa waya ili kitufe kirefu kishuke sawasawa, za kitufe cha vipimo 6.25 zimeachana milimita 100, za kitufe cha vipimo 7 zimeachana milimita 114.3. Bamba la kukubali zote mbili linatobolewa hovyo pale pale ambapo kidole gumba hupiga siku nzima. Halafu mtu analalamika kwamba kitufe cha nafasi kinagonga kama debe, anakipaka grisi, anaongeza sponji chini, anabadilisha waya. Hana habari kwamba bamba lake mahali pale ni matundu matupu.

Najua hoja ya upande wa pili: je, nikibadilisha mawazo? Ni hoja ya haki ikiwa swichi zako zimelehemiwa, kwa sababu kubadili bamba ni kuzing'oa zote. Kwa bodi ya soketi haina nguvu. Mchoro wa bamba ni faili tu, unaufungua, unasogeza miraba minne, unakata jipya. Na kumbuka ni bodi ya saketi inayoamua swichi zinaweza kukaa wapi. Uhuru ukiutaka, uutafute huko kwanza.

Ukishakubali kuchagua, kazi inakuwa nyepesi, nayo inahamia kwenye sehemu za kumi za milimita. Leza hukata kwa kuunguza, kwa hiyo tundu ulilochora milimita 14 linaweza kutoka kubwa kidogo. Wenye mashine wengi hufidia upana wa mwale wenyewe. Wewe nawe ukifidia kwenye mchoro, matundu yatatoka madogo na swichi hazitaingia mpaka ushike tupa. Uliza kwanza nani anafidia. Bora zaidi, kata kipande kidogo cha majaribio kwa nyenzo ile ile na mashine ile ile, chenye matundu ya 13.9, 14.0 na 14.1. Bonyeza swichi kila tundu, geuza kipande juu chini, kitikise. Inayodondoka umeijua, na ile uliyoisukuma hadi kidole kikauma nayo umeijua.

Kama bamba linachongwa kwa mashine ya CNC, ile inayochonga kwa ncha inayozunguka ikiongozwa na kompyuta, badala ya leza, angalia pembe. Ncha ya mviringo haiwezi kuacha pembe kali. Ncha yenye kipenyo cha milimita 1 inaacha mviringo wa nusu milimita, na hapo swichi inapita. Ncha ya milimita 2 inaacha mviringo wa milimita nzima, na pembe za swichi zinapanda juu yake badala ya kushuka.

Na faili la DXF, lile la mchoro unalompelekea mwenye mashine, usiliamini kwa macho. Programu moja inasoma namba kama milimita, nyingine inasoma kama inchi, na bamba lako linakuwa kubwa mara 25.4. Andika kwenye ujumbe wa agizo: tundu la kitufe kimoja lina upana wa milimita 14. Kabla ya hapo chapisha mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, upange kofia zako juu yake. Vitufe kumi vya kawaida mfululizo vinapaswa kuchukua milimita 190.5. Visipolingana, rekebisha kichapishi kabla hujagusa mchoro.

Nimechelewa makusudi kufika kwenye nyenzo, ambako mijadala mingi ndiko huanzia. Alumini ni ngumu kupinda karibu mara 30 kuliko plastiki ya polikaboneti ya unene ule ule, kwa hiyo tofauti ipo na vidole huihisi. Faibaglasi ya bodi za saketi iko katikati, na watengenezaji wa bodi wanaweza kukukatia bamba kwa faili la bodi ya kawaida isiyo na nyaya. Chochote utakachochagua, unene uwe milimita 1.5, kwa sababu vijino vya swichi vimeumbwa kukamata ukingo wa unene huo. Plastiki ya akriliki ya milimita 3 haikamatiki bila kuchongewa nafasi kwa chini, na ya 1.5 hupasuka kwenye vile vijiti vya milimita 5 ukichomoa swichi kwa pupa. Kwa bamba la kwanza, mimi ningekata alumini.