Mpaka Ilie

Jamani, leo asubuhi nimekanyaga oili nikiwa na soksi nyeupe za kanisani. Sebuleni. Ndiyo, pikipiki yangu inalala sebuleni, na sababu mnaijua, tusianze.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 125, zile ndefu za mabwana shamba. Niliinunua mnadani baada ya mradi fulani kufunga virago. Umri wake na binti yangu wa pili ni mmoja, na binti huyo ana watoto wawili. Lakini mvua ikinyesha njia ya Mgeta, hizi bodaboda za juzi zinalala ubavu, mama yao huyu anapita na kabichi zangu bila kuuliza.

Basi nikapiga magoti, nikaishika kwa vidole ile bolti ya kumwagia oili. Nikazungusha kulia, ikaenda. Kushoto, ikaenda. Pangaboi. Hapo nikamkumbuka fundi, yule kijana aliyeifanyia sevisi Alhamisi.

"Shikamoo mzee. Sevisi kamili?"

"Marahaba. Mwaga oili ya giaboksi, weka mpya, funga. Na nikuombe kitu kimoja, mwanangu. Kitabu cha pikipiki kinataka bolti hiyo ikazwe kwa kama nyutoni mita 20 tu."

Akaniangalia kama nimemdai mahari. "Nyutoni ndiyo fundi wa wapi, mzee?"

Sikukasirika. Mtu mzima hakasiriki mbele ya vijana. Nikamfafanulia taratibu: spana yako ya 17 ina urefu wa sentimita 20 hivi. Ivute kwa uzito wa nusu ndoo ya maji, kilo 10, halafu toa mkono. Kuziba oili ni kazi ya ile washa, kile kipete kinachokaa chini ya kichwa cha bolti. Bolti ni chuma, bodi ya injini ni alminiamu, na wawili hao wakipigana, anayezikwa ni alminiamu.

"Sawa mzee, nimekuelewa. Ila bolti isipolia haijakaza."

"Ilie?"

"Ilie. Kiiii!"

Akazunguka nyuma ya banda, akarudi na bomba la maji la robo tatu, refu kama mguu wangu, akalivalisha kwenye mkia wa spana. Nikasema wewe, hilo giaboksi, siyo tairi la Fuso! Watu wakaanza kusogea. Mama wa chapati akaacha chapati kwenye kikaango. Bodaboda mmoja, ambaye hata jina langu halijui, akasema: "Mwache fundi afanye kazi yake, mzee. Barabara zetu si unazijua?" Mwingine akasema hata ya kwake hukazwa hivyohivyo. Nikaitazama ya kwake. Imefungwa kwa mpira wa tyubu kuanzia taa mpaka namba.

Kijana akapanda juu ya bomba. Nawaambia alipanda! Mguu mmoja kwenye bomba, mkono mmoja kwenye mwarobaini, mkono wa pili umeshika simu, anaongea na mtu habari za mpira. Akadunda mara ya kwanza, kimya. Akadunda ya pili, ikalia. Kiiii. Ya tatu ikalainika.

"Umeona mzee? Imekaa!"

Kila aliyewahi kukaza kitu maishani mwake anaujua ulaini ule. Bolti iliyokaa vizuri huwa inakataa, mkono unausikia ukuta. Ikilegea ghafla katikati ya kukazwa, ujue uzi, ile michirizi ya tundu inayoishika bolti, umeng'oka wote, umetoka pamoja nayo kama utumbo wa samaki. Nilijua palepale. Nikatoa hela, nikalipa, nikasema asante. Kwa nini nilisema asante? Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi.

Plagi mpya unaiingiza kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana imalizie nusu mzunguko. Yeye alianza na spana. Skrubu za kava alizitoa kwa bisibisi ya nyota iliyochakaa na nyundo, sasa vichwa vyake ni visahani.

Na kile kilichotakiwa kukazwa kwa nguvu kidogo, kioo cha kulia, ndicho hakikukaza! Yamaha nyingi kioo cha kulia uzi wake unakwenda kinyume, unakaza kwa kuzungushia kushoto. Kijana akazungusha kulia. Kikilegea, anaongeza juhudi. Nilipofika Msamvu kioo kikageuka, nikaona mbingu, nikaona kidevu changu, halafu sikuona kitu. Daladala ikakipitia. Konda akanitukana mimi.

Nimempigia mchonga vyuma. Anasema injini ishuke, tundu lichongwe uzi mkubwa kwa tapu, livalishwe bushi, elfu 50. Bolti yenyewe hainunui hata chapati kumi! Kwa leo nimekinga beseni.

"Baba Neema, beseni langu la kufulia liko wapi?"

Nimenyamaza. Kanisani sijakwenda, soksi nimezificha chini ya kochi, na mchango wa harusi ya shemeji ulikuwa ukusanywe leo baada ya ibada, kwa hiyo wanadhani nimekimbia. Nilitaka walau nikaze mwenyewe nati za kishikio cha klachi, lakini spana ya 10 haipo. Jirani aliiazima kabla ya Pasaka, akasema ni dakika mbili.

Subirini, geti linagongwa. Ni yeye. Anaomba ya 17.