Treni Imekuwa Mswahili, Mtanga Kawa Mjerumani

Nianze na shikamoo, maana ndiyo iliyonitia uchungu. Nimetoka Hamburg alfajiri, nimebadilisha treni mara tatu, begi moja lina nguo, jingine lina unga wa muhogo na kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu nilichoagizwa. Nafika Köln, napanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, lifti hakuna, nagonga. Mlango unafunguliwa. Natoa heshima zangu zote: "Shikamoo kaka." Kaka ananitazama, anatazama saa yake, anasema, "Dakika arobaini na saba."

Marahaba haijatoka mpaka leo.

Na huyu mtu ni wa Tanga. Tanga ile ya waja leo waondoka leo, ambako harusi ya saa nane watu wanaanza kuoga saa tisa! Miaka kumi na sita ya Ujerumani imemgeuza kama chapati. Sisi wadogo zake tunamwita Bwana Saa, lakini akiwa hayupo.

Sasa nisikilizeni, mnihukumu wenyewe.

Mimi ni mbeba boksi, yaani kibarua wa ughaibuni. Mbeba boksi hapandi treni za kasi ovyo ovyo. Ana ile tiketi yake ya mwezi, ya nchi nzima, inayokupandisha treni za mikoani, tramu na mabasi ya mjini, ila treni ya kasi unaiangalia tu ikipita kama harusi ya matajiri. Ilipoanza Mei 2023 ilikuwa euro 49. Mwaka 2025 ikawa 58. Mwaka 2026 ikawa 63. Katika mambo yote ya reli ya nchi hii, kinachofika bila kuchelewa ni bei mpya.

Basi kwa tiketi hiyo, Hamburg mpaka Köln ni Uelzen, Hannover, Minden, ndipo Köln. Treni ya kwanza ikachelewa dakika tisa. Dakika tisa ni kitu gani? Sisi tumeshasubiri daladala mpaka mvua ikaanza ikakatika. Lakini huku dakika tisa inakula siku, maana naingia Uelzen naiona treni yangu ya kuunganisha inafunga milango. Imeondoka kwa wakati wake, sekunde haikuzidi. Hapo ndipo ninapoumia: zinachelewa zote, isipokuwa ile unayoikimbilia.

Nikakaa Uelzen lisaa limoja zima. Mji mdogo, lakini stesheni yake ilipambwa kwa michoro ya msanii Hundertwasser: nguzo za rangi zilizonenepa huku zikakonda kule kama zimefinyangwa na mtoto, vigae vya kila namna, mipira ya dhahabu juu ya paa. Watu wanatoka mbali kuja kuipiga picha. Mimi nilivutiwa kama dakika sita. Dakika hamsini na nne zilizobaki nilikuwa nazichukia zile nguzo moja moja, kwa rangi zake. Nikaona na choo nikitumie, nikakumbuka stesheni kubwa za huku wanavyokutoza karibu euro moja mlangoni, nikajikaza kwa mazoea hata kabla sijauliza bei.

Hannover mambo yakawa mengine. Tumejipanga jukwaani watu kama mia mbili, kimya, kila mtu na begi lake. Kipaza sauti kikakohoa: treni itaingia jukwaa jingine, lile la kule mwisho. Dakika zimebaki tatu. Nyie, mmeshawahi kuona Wajerumani wakikimbia bila mbwa wala bunduki? Magari ya watoto, baiskeli, mabegi ya magurudumu yanalia kwenye vigae. Bibi wa miaka sabini na ushee, ana fimbo, alinipita kwenye ngazi na akaniambia pole. Tukafika kule tunahema. Kipaza sauti kikasema treni ina dakika kumi na tano za kuchelewa, kikamalizia na maneno yao yale: "Danke für Ihr Verständnis." Yaani, asanteni kwa kutuelewa. Nani kawaelewa? Unanishukuru kwa kitu ambacho sijakupa!

Hayo yote nikamweleza Bwana Saa pale pale mlangoni, viatu mkononi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungeondoka mapema, mdogo wangu."

Nikamwambia, "Kaka, nimeondoka watu wanatoka disko."

"Ungeondoka jana."

Nikajaribu sheria. Mahesabu ya reli huku, treni ikichelewa chini ya dakika sita inahesabiwa imefika kwa wakati. Nikamwambia basi atoe hizo, zibaki arobaini na moja. Akasema, "Hiyo ni ya treni. Wewe si treni."

Roho ikaniambia nimjibu, nikanyamaza kwa sababu ndiye mwenye godoro. Lakini wewe fikiria: ukitoka tu stesheni ya Köln unagongana uso kwa uso na kanisa kuu lao, minara miwili mirefu myeusi. Walianza kulijenga 1248, wakamaliza 1880. Miaka 632! Na leo ndiyo fahari ya mji, watu wanapanga foleni kupanda mnara. Mjini kwenye fundi wa namna hiyo, mimi ndiye nimeharibu ratiba?

Ukweli, huyu bwana ana kumbukumbu na mimi. Mwaka wangu wa kwanza alinialika chakula, akaniambia nifike "halb sieben". Mimi sieben naijua, ni saba. Halb ni nusu. Saba na nusu ya kizungu, kwetu saa moja na nusu usiku. Nikafika nimenyooka, na maua. Kumbe kwao nusu ya saba ni ile nusu inayoielekea saba, yaani saa kumi na mbili na nusu. Nimefika wameshakula, vyombo vimeoshwa, watoto wamelala, yeye amevaa pajama.

Safari hii nilikikuta chakula, kwa sababu chakula chenyewe hakiwezi kupoa. Njaa ya Uelzen ninayo, nimeota pilau tangu Hannover, najua Mtanga hawezi kuniangusha. Akaleta ubao. Juu ya ubao mkate mweusi, jibini, soseji za ng'ombe za kukata kata, tango, na figili mbili tatu. Abendbrot, mkate wa jioni, na hawadanganyi, ni mkate na ni jioni. Nikadhani ni kifungua kinywa cha maongezi, jikoni kuna kitu kinapikwa. Nikala kidogo kwa adabu, nikaacha nafasi. Akachukua ubao akaosha. Hiyo ndiyo ilikuwa imeisha hiyo! Nililala nikisikiliza tumbo linavyosoma risala.

Jumapili asubuhi nikaamka na uamuzi: napika mimi. Vitunguu saumu vipo, tangawizi ipo, kinu nimekibeba kutoka Hamburg kwa agizo lake mwenyewe. Nimetwanga mara mbili tu, Bwana Saa katoka chumbani mbio kama nyumba inaungua. "Weka chini! Leo Jumapili!" Kumbe Jumapili ni siku ya utulivu kisheria. Hutoboi ukuta, hukati majani, hupigi kelele, jirani anaweza kuita polisi. Nikamuuliza kama polisi watakuja kwa vitunguu saumu. Akasema jirani wa chini ni mkorofi, akaanza kuikata tangawizi kwa kisu, kimya kimya, kama tunaiba. Tango lake lilikuwa limekatwa hivyo hivyo, sasa nikaelewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilipewa mfuko wa chupa. Huku chupa ya plastiki ya soda ina senti 25 zako ndani, unazipata ukiirudisha dukani kwenye mashine. Bwana Saa alikuwa nazo za miezi miwili. Nimesimama mbele ya mashine nalisha moja moja, nyuma yangu foleni, na ile niliyoikalia kwenye begi ikabonyea mashine ikaitema. Nikairudisha, ikaitema. Nimerudi nyumbani na chupa moja, nikaulizwa senti 25 ziko wapi.

Nikaona niende zangu Leipzig kwa dada yetu wa Kigoma, ambaye nilisikia anapika migebuka, wale samaki wa kwao.

Köln mpaka Frankfurt kwa treni ya mkoani unafuata mto Rhine, majumba ya wafalme juu ya vilima, mizabibu, na ule mwamba wa Lorelei, watu wote wanaangalia dirishani. Mimi nililala, shingo ikaniuma upande wa mizabibu.

Frankfurt ndipo nilipojitutumua. Nilikuwa nimenunua tiketi ya treni ya kasi, ya bei ya kutupa, euro 32. Siti nimelipia: behewa la 24. Treni ikaingia, mabehewa yamegeuka, la mbele liko nyuma, wote tukakimbia tena. Nikahesabu 22, 23, 25. La 24 halikuja. Nikamuuliza kondakta, akasema kwa upole sana, "Leo halipo," kama anataja mfanyakazi aliyeomba ruhusa ya msiba. Nikakaa juu ya begi, jirani na choo kilichobandikwa karatasi kwamba ni kibovu.

Baada ya Fulda tukasimama porini. Tangazo: kuna watu kwenye reli. Nikacheka peke yangu. Mimi nimekulia Buguruni, Dar, huko kuna watu kwenye reli kila siku ya Mungu na treni inapiga honi tu. Huku treni inasimama, inasubiri polisi waje wawaondoe kwa amani. Dakika zikaanza kuhesabika kwenye kioo: ishirini, thelathini na tano, arobaini na nane.

Hapo jirani yangu kwenye begi lake, kijana mmoja, akaninong'oneza siri. Ukifika mwisho wa safari umechelewa dakika 60, unarudishiwa robo ya nauli. Zikifika 120, nusu. Nikapiga hesabu: robo ya 32 ni euro 8. Tangu dakika hiyo nikabadilika. Ile treni niliyokuwa nikiilaani nikaanza kuibembeleza isiondoke. Polisi wasifike haraka, hao vijana kwenye reli wakae, waongee, kuna haraka gani? Eisenach tulisimama dakika ya hamsini na tano nikamwona mama mmoja anashusha begi taratibu, nikamwombea dua. Erfurt kioo kikaandika 61. Mimi na yule kijana tukapeana mkono. Euro nane nikawa nimeshazigawa: kuku nusu, na chenji.

Nikasahau kitu kimoja. Kutoka Erfurt kuna ile reli mpya ya kasi, iliyofunguliwa Desemba 2015, treni inakwenda mpaka kilomita 300 kwa saa. Dereva akakanyaga. Siku nzima hukukanyaga, bwana mkubwa, leo ndiyo unakumbuka kazi? Miti ikawa inapita kama kurasa. Kioo: 60. Kioo: 59. Tumeingia Leipzig dakika 58.

Neno "hela" tulilitoa kwa hawa watu, kwenye sarafu yao ya Heller, enzi za ukoloni. Neno walituachia. Zenyewe hawatoi.

Dada wa Kigoma nilimkuta stesheni ananingoja anacheka, Mungu ambariki, hakutaja dakika hata moja. Stesheni yenyewe kubwa mno, ilifunguliwa 1915, mwaka mmoja tu baada ya Wajerumani haohao kuifikisha reli yao Kigoma kutoka Dar. Dada anasema anajisikia nyumbani, amekaa mwisho wa reli kule na amekaa mwisho wa reli huku. Migebuka ilikuwepo, ya kukaushwa, na ugali wa moto. Nilikula mpaka nikasikia usingizi nikiwa nimesimama.

Alikuwepo na rafiki yake Mjerumani, msichana anayesoma Kiswahili pale chuo kikuu cha Leipzig. Nikawa nawasimulia mkasa wangu wote, nimefika sehemu ya Uelzen, nimepandisha mori, nasema, "Nimekaa pale lisaa limoja zima!" Yule binti akainua kidole, akasema kwa sauti ya adabu kabisa, "Samahani kaka, si lisaa. Ni saa. Saa moja nzima."

Nimetoka Buguruni, nimevuka bahari, nimekuja kusahihishiwa ngeli na mtu mwenye tonge mkononi! Na mbaya zaidi, ana haki.

Wiki tatu baadaye Bwana Saa akanipigia: anakuja Hamburg Jumamosi, treni ya kasi, itafika saa nane na dakika kumi na nne. Nikafurahi mpaka nikaogopa. Nikapika pilau ya nguvu. Hotuba nikaiandaa mbele ya kioo: nitasimama jukwaani, nitatazama mkono, nitamwambia, "Shikamoo kaka. Dakika hamsini na tisa." Kwa kuwa naijua reli, sikuhangaika. Saa nane kasoro robo nikaingia bafuni nikafungulia maji ya moto, nikaimba na taarabu.

Saa nane na dakika kumi na mbili simu ikalia. Nimeishika kwa mkono wenye povu.

"Mdogo wangu," akasema, na nyuma yake nasikia vipaza sauti vya stesheni. "Mimi nimeshafika. Wewe uko wapi?"