Mapambo ya Krismasi ya Zamani Hayaoshwi!

Jamani, nani kawaambia mapambo ya zamani yanalowekwa kwenye sabuni ya unga? Vumbi la Dodoma halina huruma, sawa. Lakini ile mipira ya kioo, ya aina iliyoanza kupulizwa Lauscha, Ujerumani, karne ya 19, imepakwa fedha kwa ndani! Maji yakiingia shingoni, fedha inabanduka. Rangi ya nje nayo kwaheri. Halafu muuzaji anakukabidhi kioo kitupu, kifua mbele: "Nimekusafishia!" Umenisafishia au umeniharibia? Na bei kapandisha! Wakusanyaji wenzangu wa Majengo, Area C, Kikuyu, mnavumilia vipi? Nanyi wauzaji, brashi laini ya poda, kavu, inawashinda nini? Mkishindwa, msiguse. Niuzieni na uchafu wake!