Mfumo Umekataa

Kuna sentensi fupi ambayo siku hizi imechukua nafasi ya barua ndefu za serikali: "Mfumo umekataa." Mhudumu wa dirishani huitamka bila kukutazama, macho yameganda kwenye skrini, na akishaitamka huona kazi yake imekwisha. Ukiisikiliza vizuri, sarufi yake inasema mengi. Angekuwa mtu, tungesema "amekataa", na maswali yangefuata papo hapo: nani huyo, ana cheo gani, anakaa chumba namba ngapi? Kiambishi kimoja tu kikibadilika, a- ikawa u-, maswali yote hayo yanakosa pa kwenda. Mfumo hauna chumba.

Nimeanza na hilo kwa sababu nimechoka na ule wimbo wa kila kongamano, kwamba teknolojia inakimbia na sheria inachechemea nyuma yake. Zipo nyakati sheria ilitangulia mbele, tena kwa miguu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 ilitaka chombo cha kujiendesha barabarani kitanguliwe na mtu anayetembea na bendera nyekundu, na kisizidi maili 4 kwa saa, au 2 kikiwa mjini. Ilibidi kungoja hadi 1896 ndipo magari mepesi yaondolewe masharti ya namna hiyo. Kwa hiyo mimi kasi hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba tunaizungumzia serikali kana kwamba ni refa aliyeshika filimbi pembeni, ilhali yenyewe imo uwanjani inacheza. Inanunua mifumo, inaiweka maofisini, na sera iliyopaswa kubishaniwa bungeni inajikuta imeandikwa na mtengeneza programu katika mstari ambao hakuna mbunge aliyewahi kuusoma. Na katika mstari huo, mara nyingi, hubadilika jambo moja kimyakimya: nani anatakiwa kuthibitisha.

Tazama posta ya Uingereza. Kuanzia 1999 matawi yake yalianza kuwekewa mfumo wa hesabu uitwao Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Wengi wa waendeshaji wa matawi hayo walikuwa wafanyabiashara wadogo wenye mkataba na posta, na hesabu ikipungua walitakiwa kufidia kutoka mfukoni mwao. Mfumo ulikuwa na kasoro. Mmoja wao alisimulia jinsi alivyokuta upungufu wa pauni 2,000 na ushei, akapiga simu ya msaada, akafuata maelekezo kitufe kwa kitufe, na namba ile ikaongezeka maradufu mbele ya macho yake. Wengi waliopiga simu waliambiwa hakuna mwingine mwenye shida kama yao. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani katika miaka hiyo kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu. Mwaka 2010 mmoja wao alipelekwa gerezani akiwa mjamzito.

Sasa sikiliza upande wa sheria, maana huko ndiko damu inakonichemkia. Tangu 1984 Uingereza ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba maandishi yaliyotolewa na kompyuta yasikubaliwe kuwa ushahidi katika kesi ya jinai mpaka ionyeshwe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Wanasheria wakakiona kifungu hicho ni usumbufu. Mwaka 1999, mwaka ule ule wa Horizon, bunge likapitisha sheria ya kukifuta. Kuanzia hapo mahakama ikachukulia kwamba kompyuta ni nzima, labda aliyeshtakiwa aonyeshe sababu ya kuitilia shaka. Na yule mwendeshaji wa tawi, asiyejua hata mashine kuu imewekwa mji gani, angeonyesha nini? Ngao ilikuwepo mkononi, ikawekwa chini kwa hiari, kwa sababu ilikuwa nzito kuibeba. Ndiyo maana sikubali hadithi ya sheria kuchelewa.

Australia nao walikuwa na lao, na lile hata halikuhitaji kasoro ya kompyuta. Ilitosha hesabu ya kugawanya. Mpango uliokuja kuitwa Robodebt ulichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima kutoka kwa mamlaka ya kodi, ukayagawanya kwa 26, idadi ya wiki mbilimbili katika mwaka, kisha ukalinganisha na alichokuwa akiitaarifu idara ya ustawi wa jamii. Chukulia kijana aliyefanya kazi nusu mwaka akipata dola 2,000 kila wiki mbili, jumla 26,000, halafu akakosa kazi nusu iliyobaki na kuomba posho kihalali. Mashine inagawanya: dola 1,000 kila wiki mbili, mwaka mzima. Basi hata zile wiki alizokaa bila senti, kwenye karatasi alikuwa na 1,000 alizozificha. Anatumiwa barua ya deni: arudishe posho. Asipokubali, atafute hati za mishahara za miaka iliyopita, kwa waajiri ambao pengine walishafunga biashara.

Mtoto aliyefundishwa wastani shuleni angekamata kosa hilo. Na wanasheria wa ndani ya serikali walikuwa wametahadharisha tangu 2014 kwamba njia hiyo haiendani na sheria iliyopo. Hata hivyo mpango ukaendelea hadi 2019, na mwaka uliofuata serikali ikakubali kurudisha zaidi ya dola milioni 700 kwa madeni yapatayo 470,000. Uholanzi, katika miaka hiyo hiyo, wazazi waliokuwa wakipata msaada wa kulelewa watoto waliambiwa walipe makumi ya maelfu ya euro, wengine kwa sababu ya kasoro ndogo kama saini iliyokosekana, na uraia wa kigeni ukatumika kama kigezo cha kumtilia mtu shaka. Baraza la mawaziri likajiuzulu Januari 2021. (Waziri mkuu yule yule, Mark Rutte, akarudi kuunda serikali baada ya uchaguzi. Siasa zina mfumo wao.)

Hayo yote yalitokea kabla ya akili mnemba kuingia maofisini kwa kishindo. Kosa la Robodebt ungeweza kulifichua kwa penseli nyuma ya bahasha. Mashine zinazonunuliwa leo hazina mstari mmoja wa kuunyooshea kidole. Hata waliozifunza hawawezi kukueleza kwa ukamilifu kwa nini ombi la mmoja limepita na la mwenziwe likakwama. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, inaitambua hatari hiyo na inadai, kwa mifumo nyeti, pawepo binadamu wa kuisimamia. Naipokea kwa mkono mmoja. Kesi za Horizon zilijaa binadamu: wachunguzi, mawakili, majaji. Wote waliitazama skrini na kuiamini kuliko mtu aliyesimama mbele yao. Binadamu anayebonyeza "thibitisha" mara mia nne kwa siku si msimamizi, ni kidole.

Ningependa zaidi sheria inayogusa mzigo wenyewe. Serikali ikidai kwamba una deni, au kwamba wewe si wewe, yenyewe ndiyo ithibitishe, na wakati mnabishana posho yako isikatwe. Mikono ya vibarua na wazee husagika mpaka kisomaji cha alama za vidole hakioni kitu. Mtu huyo hapaswi kurudi nyumbani mikono mitupu akatafute ushahidi kwamba yeye ni yeye. Inawezekana. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya kidijitali, kwa sababu serikali haikuwa imetathmini kwanza athari kwa taarifa binafsi za watu, kama sheria yake yenyewe ya 2019 ilivyotaka. Estonia nako, raia anaingia kwenye tovuti ya serikali na kuona idara ipi imechungulia taarifa zake. Kule anayechungulia naye anachunguliwa, na nadhani hilo limefanya kazi ambayo hotuba za maadili zisingeifanya.

Nina kaujanja kangu pia, nilikokapata kwa kupigwa danadana miezi miwili katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mfumo ulikuwa umenikataa kwa mara ya tatu: jina langu la kati lilikuwa na herufi moja zaidi katika rekodi yao kuliko kwenye kitambulisho. Siku hiyo sikubishana. Nilimwomba dada wa dirishani aniandikie maneno hayo kwenye karatasi, "mfumo umekataa", kisha aweke jina lake na saini chini yake. Aliishika kalamu, akaiangalia, akaiweka. Akaniambia nisubiri kidogo. Akanyanyuka, akapita mlango wa nyuma ambao muda wote huo nilidhani ni wa stoo, na baada ya dakika tano akatoka mzee mmoja mwenye miwani mkononi, anauliza ni nani mwenye shida ya herufi.