Mbwa wa Kulinda Usingizi

Kwa wengi wetu Arusha, mbwa ana kazi moja: afungwe mchana, afunguliwe usiku, abweke getini. Mwambie mtu wa Sakina kwamba Marekani mwanajeshi mstaafu aliyerudi kutoka vitani na kiwewe hupewa mbwa kama sehemu ya msaada, atacheka kwanza. Ila kazi yenyewe haichekeshi. Mbwa huyo hufundishwa kumwamsha mtu wake akiota jinamizi, kumlalia mapajani pumzi zikianza kumpanda, na kusimama nyuma yake kwenye foleni ili asigeuke kila mara kuangalia nani yuko mgongoni.

Na inasaidia. Utafiti uliochapishwa 2024, wa wanajeshi wa zamani 156 nchini humo, ulionyesha kwamba baada ya miezi 3 waliopewa mbwa walikuwa na dalili nafuu kuliko waliobaki na huduma ya kawaida, ingawa hawakugawanywa kwa kura. Utafiti mwingine, wa serikali yao, uliwalinganisha waliopewa mbwa hawa wa kazi na waliopewa mbwa wa kufariji tu, wasiofundishwa kazi hizo: kiwewe kilipungua zaidi kwa wenye mbwa wa kazi, lakini ubora wa maisha kwa ujumla haukutofautiana.

Sasa mlete huku. Atapanda daladala gani, hivi vifodi vyetu? Konda anayegombania abiria hatakubali, na jirani wa siti aliyelelewa kwamba mate ya mbwa ni najisi ana haki ya kulalamika. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini. Gharama ya kumwandaa mbwa mmoja kule mara nyingi hupita dola 20,000. Zaidi ya yote, mbwa humtangaza mgonjwa. Kijana wa bodaboda aliyenusurika ajali anaficha kwamba hapati usingizi. Ukimkabidhi mbwa, mtaa mzima utauliza.

Wapo wanaosema basi tuwekeze kwa watu. Moshi, pamoja na Bungoma kule Kenya, watoto yatima 640 walishiriki jaribio lililochapishwa 2020, ambamo tiba ya kiwewe ilitolewa na washauri waliofunzwa kazi hiyo, si wanasaikolojia wa shahada. Hoja nzuri, lakini wanaoipigia debe huruka sehemu moja: mwaka mmoja baadaye faida ilibaki wazi Bungoma, huku Moshi waliopata huduma ya kawaida wakiwa wamewakaribia wenzao. Kwa hiyo hata binadamu si jibu la moja kwa moja. Bado ningeanza nao, maana hata Marekani mbwa huongezwa juu ya tiba, hachukui nafasi yake.

Mbwa ningemjaribu mahali pamoja tu: kwa askari wa wanyamapori. Vikosi vya kupambana na ujangili Kaskazini tayari vinatumia mbwa wa kunusa, wakufunzi wapo, hakuna kifodi cha kugombania, na askari hao wameona risasi na maiti. Hakuna atakayeuliza kwa nini askari analala na mbwa.