Kreti iliyovimba ubavu: ni kosa la mchanganyiko?

Katika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, kreti za samaki hupangwa moja juu ya nyingine mpaka zimpite mtu kimo. Chungulia ile ya chini kabisa. Ubavu wake umevimba kwa nje, na mzigo ukishushwa haunyooki tena. Haijapasuka, haina hata ufa. Imelegea tu. Wenye mali wana kauli moja: wenye viwanda wametuchanganyia plastiki chakavu.

Kauli hiyo naikubali nusu.

Kila plastiki ina kiwango chake cha kulegea. Mkazo ukiwa chini ya hapo, ukiibonyeza inarudi. Ukizidi, inabaki imepinda. Polipropilini tupu, inayotengenezewa viti vingi vya plastiki, huvumilia takriban megapaskali (kipimo cha mkazo) 30 hadi 35. Polietilini nzito, ile ya madumu, huwa kati ya 20 na 30. Ukiziyeyusha pamoja utaona uji mmoja, lakini ndani haziungani: vitone vya moja vinakaa ndani ya nyingine kama mafuta ndani ya maji, na pale zinapokutana zimeshikana kidogo sana. Hata hivyo kiwango cha kulegea hakiporomoki. Mara nyingi hubaki katikati ya zile mbili. Kinachopotea ni uvumilivu wa baada ya hapo. Plastiki safi ikishalegea huvutika sana kabla ya kukatika, ila hii ya mchanganyiko hukatika mapema, ikianzia kwenye mipaka ileile. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayesema amepima na nguvu haijapungua huenda anasema kweli, lakini amepima jambo moja kati ya mawili.

Sasa tazama mchanganyiko wa makusudi. Polipropilini tupu ina udhaifu ambao wafanyabiashara wa sangara wanapaswa kuujua: ikikaribia nyuzi 0 za Selsiasi inakuwa kavu kama kigae. Kreti yake ikijazwa barafu kisha ikadondoka sakafuni, inapasuka. Dawa ni kutia mpira. Chembe za mpira zikisambaa vizuri, plastiki hulegea sehemu nyingi ndogondogo kwa mara moja, na pigo linagawanyika badala ya kukusanyika kwenye ufa mmoja. Gharama yake ni kwamba kiwango cha kulegea kinashuka. Hapa ulegevu ndio unaookoa chombo, na anayetaka kreti isiyopinda kabisa wala kupasuka anataka mambo mawili yanayovutana.

Ninachokilalamikia hasa ni chaki. Chaki ya kusaga inapunguza gharama na kuongeza ugumu. Kiti kinakuwa kizito mkononi, mnunuzi anaamini ni imara. Ikizidi, kiwango cha kulegea kinashuka na mguu unakatika bila kuvutika. Nyumbani kwangu mguu wa kiti ulikatika hivyo. Nilichonga kipande chembamba nikakitia kwenye beseni la maji, kikazama taratibu. Polipropilini tupu huelea. Yenye chaki asilimia 20 kwa uzito huzama. Chaki si haramu, lakini aliyeniuzia kiti kile hakusema neno.

Kukataza chakavu nako hakufai. Madumu na vifuniko vinavyookotwa kando ya ziwa vinawapa watu riziki, na visipoyeyushwa vitarudi majini. Kazi ngumu ni kuchambua, maana polietilini na polipropilini zote huelea na maji hayawezi kuzitenganisha. Inabaki mikono na macho: kutafuta namba 2 ya polietilini nzito na namba 5 ya polipropilini kwenye kitako cha chombo, kimoja kimoja. Anayefanya kazi hiyo anastahili kulipwa zaidi ya anayeleta gunia lililochanganyika, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kreti itavumilia nini.

Na ile kreti ya chini pale mwaloni? Joto hushusha kiwango cha kulegea, na mzigo unaokaa saa nyingi huipindisha plastiki hata kwa mkazo ambao ingeuvumilia kwa dakika chache. Ikiachwa juani tangu asubuhi mpaka saa nane ikiwa imebebeshwa rundo zima, hata kreti mpya ya polietilini isiyochanganywa na chochote inaweza kuvimba ubavu.