Baiskeli mpya, gia zinakwaruza

Baiskeli yangu ilikuwa na wiki tatu tu nilipoanza kuichukia. Nikibadilisha gia, mnyororo unasita, unakwaruza, kisha unaruka ghafla ninapokanyaga kwa nguvu. Niliamini nimeuziwa kitu kibovu. Kumbe baiskeli ilikuwa nzima, ila aliyeniuzia hakuniambia jambo ambalo kila mnunuzi anastahili kuambiwa: gia za baiskeli mpya hutulia baada ya kuendeshwa, kisha huhitaji kurekebishwa tena.

Waya wa gia hupita ndani ya ganda lake. Siku za mwanzo ganda hilo hujikaza kwenye ncha zake, na waya hulegea kidogo. Wengi husema waya umevutika, lakini mara nyingi ganda ndilo lililojibana. Gia za siku hizi huenda kwa hatua, bonyezo moja gia moja, kwa hiyo ulegevu mdogo tu unatosha kuipunguza hatua. Utaujua kwa hivi: mnyororo unashuka vizuri, ila kupanda kwenye gia kubwa za nyuma unagoma.

Pale waya unapoingia kwenye kibadilisha gia cha nyuma, kile kifaa kinachosogeza mnyororo, au kwenye swichi ya usukani, kuna kirekebishi cha kuzungusha kwa vidole. Kizungushe kinyume cha saa, robo mzunguko, kisha jaribu. Bado? Robo nyingine. Ukizidisha, mnyororo utagoma kushuka, rudisha kidogo. Spana haihitajiki.

Skrubu mbili za kibadilisha gia zenye alama H na L, tafadhali ziache. Hizo ni mipaka, huzuia mnyororo usipite gia za mwisho. Ukiilegeza L, mnyororo unaweza kuingia kwenye spoki ukiwa mwendoni, na hapo unaumia.

Kama robo hazisaidii, simama nyuma ya baiskeli uangalie kipande cha chuma kinachoshika kibadilisha gia. Hupinda kirahisi baiskeli ikianguka upande wa kulia, hata wakati wa kusafirishwa. Hicho mpelekee fundi mwenye kifaa cha kukinyoosha.

Miguu nayo ina sehemu yake. Badilisha gia kabla mlima haujakubana, na wakati wa kubadilisha endelea kukanyaga, ila kwa wepesi, mzunguko mmoja tu.

Yangu ilitaka robo mbili. Wiki tatu za kero, kwa kazi isiyofika dakika moja.